Kompyuta Zilipokatazwa Kukumbuka

Katika ofisi yetu nzima, mtu wa kwanza kabisa kuficha neno lake la siri mahali pa usalama nilikuwa mimi. Wenye diploma zao walikuwa bado wanayabandika yao kwenye skrini kama matangazo ya vyumba vya kupanga. Mimi langu nililiandika kwenye kipande cha kitambaa nikakishonea ndani ya mto. Usalama ulikuwa wa kweli, maana mto uliondoka na kiti, kiti kikaondoka na mgonjwa, nami nikabaki mbele ya kompyuta nimekodoa macho kama mbuzi aliyeonyeshwa kioo. Sijui yule bwana mwenye mguu wa plasta aliikalia siri yangu kwa muda gani. Natumaini ilimfaa.

Ofisi yetu huazimisha viti vya magurudumu, magongo na vitanda vya wagonjwa. Mtu akivunjika, au akizaliwa hivyo, au akizeeka kunizidi, jamaa zake wanakuja kwetu. Mimi hushona mito na mikanda ya hivyo viti, kwenye meza iliyo karibu na mlango wa stoo, na kando ya cherehani yangu wameniwekea kompyuta ili niandike mto gani umekwenda na kiti gani. Wananiita Bibi Sindano. Wengine wanasema ni kwa ajili ya kazi, wengine kwa ajili ya ulimi. Shule niliishia la saba, na la saba ninalijua kuliko wengi kwa sababu nililisoma mara mbili.

Mambo yalianza pale kompyuta ya mapokezi ilipoibwa. Mwizi hakuhitaji hata kubahatisha. Alipoifungua, kompyuta yenyewe ikamwingizia maneno ya siri yote, moja baada ya jingine, kama mke mpya anayemwonyesha mgeni vyombo vya harusi. Akapata majina ya wagonjwa wetu, namba zao za simu, wanaumwa nini na wanakaa wapi. Haikupita wiki, kukawa na "daktari" anawapigia simu kuwauzia mafuta ya kuchua. Bibi mmoja wa magoti aliyanunua. Yalikuwa mafuta ya kupikia yaliyotiwa pilipili. Alipopakwa alisimama mwenyewe kutoka kwenye kiti, na tungeuita muujiza kama asingekuwa anapiga kelele.

Wafadhili wanaotuletea viti wakakasirika, na walikuwa na haki. Wakasema watatuma mkaguzi. Ndipo Mkurugenzi wetu, mama mrefu asiyependa maneno mengi, akaajiri fundi wa kompyuta kwa majaribio. Fundi mwenyewe alikuwa mjukuu wangu.

Sikumtafutia mimi hiyo kazi, msianze. Aliomba kama wengine. Ni mtoto wa binti yangu, anakaa kwangu, na kwa utani wa nyumbani ni mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alikuwa akimwita mke mdogo na kumpa yeye paja la kuku, mimi shingo. Alipomaliza masomo alikaa bila kazi muda mrefu, akipeleka maombi kila mahali, ikawa simu yoyote ikilia, hata ya mtu aliyekosea namba, anaipokea kwa sauti ya usaili. Mkurugenzi alimwambia waziwazi mbele yangu: "Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiridhika na kompyuta zetu, kazi ni yako. Asiporidhika, sitakuwa na sababu ya kukushikilia."

Siku hiyo mjukuu wangu hakula chakula cha jioni. Mimi nilikula changu na chake, kwa huzuni.

Jumanne alitukusanya pale mapokezi, akasimama mbele yetu na kaunta ikamficha nusu.

"Kompyuta ni kama mtumishi anayetaka sana kupendwa," alisema. "Kila ukiandika nywila, yaani neno lako la siri, inakuuliza: nikukumbukie? Nanyi mnasema ndiyo. Kesho yake inaiandika yenyewe."

"Si ndiyo raha yake?" akasema dada wa mapokezi, ambaye kucha zake ni ndefu na hapendi kuandika.

"Na akikaa mwizi kwenye hicho kiti?" niliuliza.

"Naye inamwandikia, Bibi. Haijui nani amekaa."

Basi akatueleza. Angekaa kwenye mashine yake moja, abadilishe mipangilio, na kompyuta zote za ofisi zingekatazwa kukumbuka. Hazingeuliza tena, na yale ya zamani yaliyokumbukwa yangefungiwa. Lakini kabla ya kufungia angepita meza kwa meza, amsaidie kila mtu kuhamishia nywila zake kwenye sefu. Sefu hiyo si ya chuma, ni programu. Ndani kila mtu ana droo yake, na droo ikikaa bila kuguswa inajifunga yenyewe. Hata fundi hawezi kuchungulia ya mwenzake.

"Na droo inafunguliwa na nini?" akauliza dada wa mapokezi.

"Ufunguo mmoja wa maneno. Huo peke yake ndio wa kukaa kichwani. Maneno manne yasiyojuana kabisa, kama abiria waliokutana kwenye lifti. Si jina la mtoto, si siku ya kuzaliwa, si timu ya mpira."

Dada wa mapokezi akanywea. Alikuwa amenyang'anywa yote.

Mimi nilichagua yangu palepale. Siwaambii ni yapi. Nilimwambia tu dada wa mapokezi kwamba ndani yake kuna mnyama na chombo cha jikoni.

"Bibi," mjukuu akaninong'oneza, "umeshatangaza nusu."

Nikayabadilisha. Sasa hivi mnyama hayupo.

Zoezi likaenda vizuri mpaka likafika meza ya Bwana Kichwa.

Bwana Kichwa ni mkuu wa stoo. Jina hilo alipewa zamani, kabla kompyuta hazijaingia, alipokuwa anajua kila kiti kwa namba yake, kimekwenda kwa nani na gurudumu lipi lina shida. Kiti kikipita nje kinalia kwii-kwii, alikuwa akikutajia namba yake bila kugeuza shingo. Watu walikuwa wakileta wageni kumsikiliza. Mimi mwenyewe nilimpenda kidogo miaka hiyo, kwa sababu mwanamume anayekumbuka kitu chochote ni adimu.

"Shikamoo, Mzee," mjukuu alisema. "Nimekuja tuhamishe nywila zako."

"Marahaba. Sina za kuhamisha."

"Huna nywila?"

"Ninazo. Zimo humu." Akajigonga kipara kwa kidole, ko-ko. "Kompyuta haijawahi kunikumbukia kitu mimi. Mimi ndiye ninayeikumbukia yenyewe."

"Niangalie tu, Mzee. Sekunde moja."

Akavua miwani. Bwana Kichwa akivua miwani ujue mambo yameharibika. "Binti, nimeanza kazi hapa mama yako bado anavalishwa viatu. Unaangalia nini? Unaniita mwongo?"

"Hapana, Mzee! Nisamehe, Mzee."

Mjukuu akaenda meza ya pili. Unamfanyaje mtu mzima aliyekuitikia marahaba? Unamfunulia shuka? Na mimi nilikuwa nimebana pini mdomoni, sikuweza kusema kitu. Mara moja tu mwaka ule nilinyamaza, na ndiyo iliyotuponza. Kwa maana mimi nakaa mkabala naye. Kila asubuhi namwona anafika, kikombe cha chai mkono huu, mkate mkono huu, anabonyeza kitu kimoja kwa kidole cha mwisho na rejesta ya viti inafunguka. Siku zote nilidhani ndivyo wenye akili wanavyoandika.

Jumatano mimi sikushinda ofisini. Mkurugenzi alinichukua kwenye gari tukapeleke kiti cha mtoto mmoja mbali huko, nikampime mto wake akiwa amekaa. Tuliporudi jioni mjukuu alikuwa ananisubiri mlangoni, meno yote nje.

"Nimebonyeza, Bibi. Zote zimefungwa. Nimejaribu mwenyewe, hakuna inayouliza tena."

Bwana Kichwa siku hiyo alishinda stoo akipanga magongo mapya. Hakuigusa kompyuta yake mpaka Alhamisi asubuhi.

Alhamisi akafika na kikombe chake na mkate wake. Akabonyeza kwa kidole cha mwisho. Nikasubiri kusikia mlio wa kufunguka. Kimya. Akabonyeza tena. Akaweka mkate chini. Akabonyeza. Akaweka na kikombe. Hapo ndipo nilipoacha cherehani.

Kwenye skrini kulikuwa na kisanduku cheupe kitupu, kimeandikwa: *Ingiza nywila*. Na chini yake mstari mdogo wa buluu: *Umesahau nywila?*

Akaandika kitu. Kikakataliwa. Akaandika kingine, kwa nguvu zaidi, kama anayedhani kompyuta ni kiziwi. Kikakataliwa.

"Imeharibiwa!" akapaza sauti ofisi nzima. "Huyu binti ameniharibia mashine! Naandika nywila sahihi, inaikataa!"

Mjukuu alikuja mbio. Aliitazama skrini, akamtazama mzee, nami nikaona uso wake ukielewa palepale. Akasema taratibu sana, "Mzee, hakuna shida. Ukibonyeza huo mstari wa buluu, wanakutumia ujumbe kwenye simu yako, unaweka nywila mpya, unaihifadhi kwenye sefu. Ni jambo dogo."

"Mstari gani?"

"Huo. *Umesahau nywila.*"

"Nimesahau? Mimi?" Akacheka, kicheko kisicho na mtu ndani. "Huo mstari ni wa wanaosahau. Mimi nywila yangu naijua kama namba ya nyumba yangu. Kilichoharibika ni hayo mambo yako uliyoyabonyeza."

Kingine ni kwamba mstari ule hauna adabu. Rejesta ile inatunzwa na wafadhili, na mtu yeyote akiubonyeza, ujumbe unakwenda pia kwenye simu ya Mkurugenzi: fulani amesema amesahau. Dada wa mapokezi aliwahi kuubonyeza kwa bahati mbaya zamani, akaitwa Sahau mpaka alipojifungua mtoto wa pili.

Mkurugenzi akatoka ofisini kwake. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande huu. Bwana Kichwa hajawahi kumdanganya tangu afike, na fundi ana siku chache.

"Rejesta isipofunguka, viti vilivyoombwa havitatoka kesho," alisema. "Na mkaguzi akikuta mashine ya stoo imekwama, tumekwisha. Binti yangu, nakupa mpaka kesho asubuhi. Isipokubali, rudisha kila kitu kilivyokuwa."

"Mama, nikirudisha, mkaguzi atakuta mashine zinakumbuka."

"Najua."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Asiporudisha, amevunja stoo. Akirudisha, ameanguka ukaguzi. Njia zote mbili zinaelekea kwangu nyumbani, kwenye kochi, na ile sauti ya usaili.

Mchana niliingia stoo kutafuta sponji ya mito. Bwana Kichwa alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha magurudumu, kile kikubwa cha chuma, mgongo kwangu. Alikuwa ananong'ona. Nikadhani anaomba. Kumbe anajaribu maneno: jina la kijana wake wa kwanza, jina la gari lake la zamani, mwaka, namba. Anasema moja, anatikisa kichwa, anasema jingine. Nikakohoa.

"Bi Mkubwa. Unatafuta nini?"

"Sponji. Na wewe?"

"Nakagua breki."

"Ya kichwa au ya kiti?"

Hakucheka. Akakizungusha kile kiti polepole mpaka tukatazamana. "Stoo haiwezi kushikwa na mtu anayesahau," alisema. "Wewe ukisahau, unacheka, watu wanacheka, mnaendelea. Mimi nikisahau, nina nini kingine hapa? Watanisukuma nje na hikihiki kiti."

Hakusema amesahau, lakini nilimsikia. Na kusema haki, hakuwa amesahau kitu. Hilo neno mtu fulani aliliandika siku rejesta inawekwa kwenye kompyuta, kompyuta ikalishika, na yeye hakuwahi kuliandika hata mara moja. Unasahauje usichowahi kujua? Ningemwambia hivyo, lakini ningekuwa nimemwambia pia kwamba najua anadanganya. Nikachukua sponji yangu nikatoka.

Jioni tulikuwa tunamenya viazi, mimi na mke mwenzangu. Yeye alikuwa anamenya na nusu ya kiazi chenyewe.

"Kosa ni langu, Bibi," akasema. "Kanuni ni kuangalia kila mashine kabla ya kufungia. Nimefundishwa. Sikuangalia kwa sababu aliniuliza kama namwita mwongo."

"Ungeangalia ungekosa adabu."

"Na sasa nimekosa kazi."

"Bado."

"Bibi, unajua kinachoniuma? Dawa ipo. Ni neno moja. Aseme 'nimesahau', anabonyeza, yamekwisha. Na siwezi kumlazimisha, siwezi kumbonyezea, ujumbe unakwenda kwenye simu yake yeye."

"Si umwambie Mkurugenzi ukweli?"

Akaweka kisu chini. "Nimwaibishe mzee wa watu, anayekaribia kustaafu, ili mimi nipate kazi? Halafu nitakaa naye ofisi moja nikimwamkia kila asubuhi?"

Nikamtazama. Paja la kuku lile halikupotea bure. Nikasema kimoyomoyo: huyu hawezi kudanganya, yule hawezi kusema kweli. Hapa panahitajika mtu wa katikati mwenye kipaji. Na mimi kipaji ninacho, ila kinapwaya kwenye kumbukumbu, kama mtakavyoona.

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi alikuwa nje getini, amevaa viatu vya wageni, anamsubiri mkaguzi. Ndani tulikuwa tumezunguka meza ya Bwana Kichwa: mjukuu, dada wa mapokezi na mimi. Kisanduku cheupe kilikuwa kimetukodolea macho. Mjukuu alishika kiti kwa mikono miwili. Alikuwa anajiandaa kwenda kurudisha mipangilio.

"Jamani," nikasema, "nimeshindwa kulala. Ni mimi."

"Ni wewe nini, Bibi?" akauliza dada wa mapokezi.

"Nilikaa hapa juzi wakati wa chakula cha mchana, nyie mmetoka. Nilitaka kuona kama ufunguo wangu wa maneno manne unafungua na ya stoo. Nikaandika, ikakataa. Nikaandika, ikakataa. Nikaipiga kofi. Nadhani imenuna, ikajifunga. Bwana Kichwa wa watu anaandika neno sahihi, kumbe mimi nimeshamharibia kufuli."

Bwana Kichwa alinitazama kama mtu aliyekuwa anazama akaguswa na ubao mguuni. Mimi nikaweka uso wa kizee kisichojua kitu. Ni uso wangu mzuri kuliko wote.

Mjukuu alifumba macho kidogo, akafumbua. "Basi," akasema, "kama ni hivyo, hapa kilichobaki ni kuweka nywila mpya tu. Mzee, nakuomba."

"Aa, kama Bi Mkubwa amechezea!" Bwana Kichwa akavuta kiti, mabega yamepanda. "Si mngesema mapema? Mimi nikawa najiuliza, mbona neno ni lilelile? Huyu mama ana vidole vya kuku!"

"Vya kuku kabisa," nikasema.

Akaubonyeza ule mstari wa buluu, akigeuza uso pembeni kama anayechomwa sindano. Simu yake ikalia. Sefu ikatengeneza nywila mpya yenyewe, ndefu kama kamba ya kuanikia nguo, hakuna kichwa duniani kingeikumbuka, hata chake. Mjukuu akamwonyesha pa kuihifadhi. Kisha akageuka dirishani ili mzee achague maneno yake manne ya ufunguo bila kuonwa. Mimi sikugeuka, lakini miwani yangu ilikuwa nyumbani.

Rejesta ikafunguka. Ule mlio! Nilitamani kuushona kwenye mto.

"Njoo hapa, Bibi," mjukuu akanivuta kwenye cherehani yangu, akanong'ona. "Kompyuta huandika kila mara mtu anapobahatisha nywila. Juzi hakuna aliyebahatisha."

"Basi ifundishe kunyamaza."

"Bibi!"

"Nenda, mgeni anaingia."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi wa viatu bapa, na hakutaka chai. Mtu asiyetaka chai namuogopa. Alianza na kompyuta mpya ya mapokezi. Akaandika nywila ya kujaribia, akasubiri kompyuta imuulize kama imkumbukie. Haikumuuliza. Akainua kibodi, akachungulia chini. Kulikuwa na vumbi la biskuti tu, na dada wa mapokezi akaona aibu kuliko kama ingekuwa karatasi ya siri. Mkaguzi akaenda kwenye mashine ya mjukuu, akamuuliza maswali mengi ambayo nilielewa la kwanza tu, "Habari yako?" Mjukuu alijibu yote amesimama wima. Mara moja alisema, "Hilo sikulifanya vizuri, nilipaswa kuangalia kwanza, safari ijayo nitaangalia," na mkaguzi akaandika kitu akatikisa kichwa, kule kutikisa kwa kukubali.

Alipofika kwangu akaniomba nifungue droo yangu ya sefu.

"Geuka," nikamwambia.

"Mimi ni mkaguzi, Bibi."

"Ndiyo maana. Geuka."

Akageuka. Nikaandika maneno yangu manne kwa kidole kimoja, na mungu wa wazee akanisaidia, ikafunguka mara ya pili. Alipogeuka tena alikuwa anatabasamu, tabasamu la kwanza tangu aingie.

Mwisho alisimama katikati ya ofisi na kalamu yake. "Mashine zote hazikumbuki. Sefu inajifunga yenyewe. Kila mtu ana ufunguo wake. Kompyuta moja ikiibwa leo, mwizi atapata kompyuta tu." Akamwambia Mkurugenzi, "Kwa upande wangu, mmepita. Viti vyenu vitakuja."

Mkurugenzi, asiyependa maneno mengi, aliweka mkono kwenye bega la mjukuu wangu. "Jumatatu," alisema, "njoo na kalamu usaini mkataba." Mjukuu aliitikia kwa kichwa tu. Alijaribu kusema asante, ikatoka ile sauti ya usaili, akaanza kucheka huku anafuta macho. Dada wa mapokezi akapiga kigelegele kifupi cha ofisini. Mimi nikashika mkasi nikakata uzi ambao haukuwepo.

Tungeishia hapo. Lakini mkaguzi alikuwa bado hajafunga kalamu.

"Kitu kidogo tu," akasema, "si kosa, nataka kuelewa. Nywila ya stoo imebadilishwa leo asubuhi. Kwa nini?"

"Na mimi nimepata ujumbe getini," Mkurugenzi akasema. "Umeandikwa amesahau."

Mjukuu akafungua mdomo. Nikajua atasema kweli, na kweli yake itamwangukia mzee. Nikamwahi. "Ni mimi," nikasema. "Nilichezea."

Na hapo ingetosha. Kichwa changu na uso wangu wa kizee vingebeba. Lakini Bwana Kichwa siku hiyo alikuwa amefurahi, na mwanamume akifurahi hupenda kusaidia.

"Ni kweli kabisa!" akasema, kifua mbele. "Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe. Juzi, wakati wa chakula cha mchana. Narudi kuchukua miwani, namkuta Bi Mkubwa amekaa kwenye kiti changu hiki hapa, anaipiga kompyuta makofi. Nikamwambia, Bi Mkubwa, ondoka hapo! Akaondoka mbio."

Mimi kwa miaka kadhaa sijaondoka mahali popote mbio. Lakini si hilo lililonikata pumzi. Nilimwona Mkurugenzi ameinamisha kichwa, kama mtu anayehesabu mishono.

"Juzi," akasema. "Jumatano."

"Jumatano hiyohiyo."

"Mchana."

"Mchana kweupe. Alikuwa amevaa hivyohivyo."

"Bwana Kichwa," Mkurugenzi akasema kwa upole wa kutisha, "Jumatano mchana Bibi alikuwa na mimi kwenye gari, amepakata mto wa mtoto, anaimba nyimbo za harusi ambazo siwezi kuzirudia mbele ya mgeni. Tulirudi jioni."

Nikakumbuka. Jamani, ndipo nikakumbuka. Nilitamani niingie chini ya cherehani. Mkaguzi alinitazama mimi, akamtazama yeye, kalamu imesimama hewani. Mjukuu aliuma mdomo, mabega yanatikisika, na haikuwa kwa kilio. Bwana Kichwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena, akatazama dari, akanitazama mimi nimsaidie, na mimi nikatazama pini zangu.

Na lile neno lililogoma kutoka tangu jana, lililotaka kumfukuzisha mtoto wa watu kazi, likamtoka lenyewe bila kusukumwa.

"Labda," akasema, "siku yenyewe nimesahau."